Jumamosi ya Shemeji Kwamena

Mimi nasaga mahindi. Mashine yangu iko nyuma ya soko la Otuakrom, pwani ya Ghana, na kelele yake imenizoesha kusema kwa sauti kubwa hata kanisani. Kwa hiyo nikisema jambo waziwazi usidhani nina hasira. Shule niliiacha mapema, baba alipoumia mgongo na mashine ikakosa mtu. Yote ninayoyajua kuhusu dunia nimeyapata kwenye redio iliyofungwa kwa waya juu ya dirisha la mashine, na kwenye kubishana na wateja.

Jina langu ni Ekow, maana nilizaliwa Alhamisi. Mke wangu ni Esi, wa Jumapili. Binti yetu alikuja Jumanne, kwa hiyo ni Araba. Kwetu hakuna anayehangaika kutafuta jina la kwanza la mtoto. Siku yenyewe inamletea.

Kitu kingine ambacho mtoto hachagui ni asafo, yaani kikosi cha zamani cha vita cha mji. Unaingia ya baba yako na unazikwa nayo. Mimi ni Namba Moja, wekundu. Esi baba yake alikuwa Namba Mbili, kwa hiyo yeye ni wa buluu, ingawa amelala nyumbani kwa mwekundu miaka yote hii na amenizalia wekundu wanne. Kila Agosti, wiki ya Akwambo, sikukuu yetu ya kusafisha njia, kamba yetu ya nguo hugawanyika. Huku nguo zangu nyekundu, kule zake za buluu, na ole wako ukizigusanisha.

Zamani asafo hizi mbili zilipigana kwa mawe kugombea nani atangulie kwenye maandamano. Baba yangu alikufa na sikio moja na nusu. Polisi walikuja, wakapiga marufuku maandamano, watu wakanuna mpaka mji ukawa kama una msiba. Ndipo Nana, chifu wetu, akasema: nyinyi watu mnashinda mnabishana kuhusu mambo ya redioni, basi bishaneni mbele yangu. Tangu hapo anayetangulia ni yule aliyeshinda chemsha bongo ya Ijumaa. Mwaka wa kwanza kila upande ulileta walimu. Ilikuwa kama kukaa kwenye mtihani wa mtu mwingine. Wakapigwa marufuku walimu badala ya mawe. Siku hizi ni watu watatu kila upande, watu wa kazi zao, na simu zote zinatupwa kwenye beseni na kufunikwa.

Namba Mbili walikuwa wametushinda mara tatu mfululizo. Ningeweza kuvumilia na ya nne. Lakini mwaka huu Araba ndiye aliyekuwa ameshika bendera yetu.

Lazima uelewe jambo hili. Bendera ya asafo haipeperushwi tu, inachezwa. Mchezaji anazunguka nayo, anaipitisha chini ya mguu, anairusha, na haitakiwi iguse ardhi. Na ni bendera ya asafo inayotangulia peke yake inayochezwa mbele ya Nana. Ya pili inapita ikiwa imekunjwa begani. Namba Moja haikuwahi kumpa msichana bendera. Wazee wetu walibishana wiki mbili, wakakubali kwa shingo upande. Na baada ya sikukuu Araba alikuwa anakwenda Tamale kusomea uuguzi, kule mbali kaskazini, na mwakani bendera ingerudi kwa wanaume. Ilikuwa Ijumaa ile au basi.

"Baba," aliniambia asubuhi, "mkishindwa nitaikunja tu. Si mwisho wa dunia."

Alisema huku akifanya mazoezi na fagio. Mtu asiyejali hafanyi mazoezi na fagio.

Esi alikuwa jikoni anageuza samaki. Naye alikuwa mmoja wa watatu wa Namba Mbili. Anajua mambo, mke wangu. Anapasua pweza na ngisi sokoni na redio sikioni.

"Mama Araba," nikamwambia, "leo utamshangilia nani?"

"Kaka yangu."

"Hata mtoto akikunja bendera?"

"Mtoto nimemzaa, asafo nimezaliwa nayo. Kula samaki wako." Akaniwekea sahani. Mikono yake bado ilikuwa na madoa ya rangi nyeusi, maana Jumatano tulikwenda makaburini kama kila mwaka kabla ya Akwambo. Mimi nafyeka majani kwenye kaburi la babu, yeye anapaka upya herufi za jiwe kwa brashi ndogo, kwa sababu mkono wangu unatetemeka kwa ajili ya mashine. Alikuwa amelalamika siku nzima kwamba rangi ile haitoki kwenye kucha, hata kwa mafuta ya taa.

Saa tisa alasiri uwanja wa mbele ya kanisa la Methodisti ulikuwa umejaa. Wekundu huku, buluu kule, ngoma pande zote mbili, na wauza maji wanapita katikati kama hawana upande. Nana alikaa chini ya mwavuli wake. Kila timu ilikuwa na benchi na kengele ya chuma. Anayegonga kwanza ndiye anayejibu, na akikosa, upande wa pili unapewa nafasi mpaka ngoma ya Nana ipigwe mara tano.

Muulizaji alikuwa Madam Aba, mwanamke mnene kutoka Saltpond aliyewahi kusoma habari redioni. Alikuja na kadi zake ndani ya kopo la biskuti na hakumwonyesha mtu hata Nana.

Kwetu tulikuwa mimi, Jojo Bentum fundi cherehani, ambaye kichwa chake kimejaa muziki na filamu, na Shangazi Efua muuza kenkey, yale mabonge ya unga wa mahindi, aliyewahi kuolewa na baharia na kwa hiyo anaijua ramani. Kule alikuwepo Esi, Ata kinyozi, na katikati yao, amekaa kama kiti ni chake peke yake, kaka yake Esi: shemeji Kwamena Otsiwa, mfyatua matofali. Kwamena ni wa Jumamosi. Ana kifua kipana na anagonga kengele kama anaua nyoka.

"Shemeji," akaniita kutoka kule, "umeleta kitambaa cha kufutia machozi, au dada yangu akuazime wake?"

"Nimeleta unga," nikasema. "Ukishindwa nikupake usoni ujione umezeeka."

Watu wakacheka. Nana akainua mkono, tukaanza.

"Mnyama gani ana mioyo mitatu?"

Kengele ya kule ililia kabla Madam hajafunga mdomo. Kwamena akajibu, "Pweza," huku akimwangalia dada yake kama vile ameinunua akili ile sokoni. Lilikuwa la Esi kabisa. Sikubisha.

"Sayari gani ambayo siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake?"

Hilo lilikuwa letu. Niligonga mimi. "Zuhura. Inajizungusha polepole kuliko inavyolizunguka jua."

"Kama Ekow anavyosaga," mtu wa buluu akapiga kelele. "Unapeleka mahindi Krismasi, unapata unga Pasaka."

"Mji mkuu gani wa nchi uko karibu zaidi na pale mstari wa ikweta unapokutana na mstari wa Greenwich, kule baharini?"

Ata kinyozi aligonga. Akafikiri. Akasema Libreville, kwa kuwa iko karibu na ikweta. Shangazi Efua hakungoja ngoma hata moja. "Accra," akasema. "Na wewe Ata unaishi hapa hapa, unaiona bahari yenyewe ukinyoa watu. Aibu gani hii?" Uwanja mzima ulishangilia, hata buluu, maana hakuna Mghana asiyependa kuambiwa kwamba katikati ya dunia ni kwetu.

Ikaendelea hivyo, moto juu ya moto. Madini gani ni majimaji bila kupashwa? Zebaki, wakapata wao. Kora ina nyuzi ngapi? Ishirini na moja, akapata Jojo, naye akainuka na kuinama kama yuko jukwaani. Dubu wa barafuni, chini ya manyoya yake meupe, ngozi ni rangi gani? Kwamena akagonga, akasema nyeupe, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi kuliko kichwa. Esi alimvuta shati. Sisi tukasema nyeusi, kwa sababu Shangazi Efua alisema ikiwa jibu ni jeupe, swali halina maana ya kuulizwa.

"Mbona hukuniuliza?" nilimsikia Esi akimwambia kaka yake.

"Kengele haingoji mkutano," Kwamena akasema.

Tulikuwa mbele. Kisha Madam Aba akauliza nchi gani hutengeneza filamu nyingi zaidi kwa mwaka, na Jojo, fundi wangu, kichwa changu cha filamu, akagonga na kusema Nijeria.

"Si sahihi."

"Madam, samahani. Wanapiga sehemu ya kwanza, ya pili mpaka ya sita, kwa wiki moja. Nimeziona kwa macho."

"Si sahihi, Bwana Bentum. Kaa."

Esi akaweka mkono juu ya kengele kabla kaka yake hajafungua mdomo. "India."

Ilikuwa India. Jojo alikaa, akajifuta jasho kwa kitambaa cha mteja. Ngoma za buluu zikachachamaa. Swali lililofuata, mbegu za oware ni ngapi ubaoni mchezo unapoanza, Ata akalichukua kwa arobaini na nane, maana kinyozi asipokuwa na mteja anacheza oware. Tukawa sawa. Na Madam Aba akatikisa kopo lake la biskuti na kusema imebaki kadi moja.

Nikageuka. Araba alikuwa amesimama nyuma yetu kando ya mpiga ngoma mkubwa, bendera imekunjwa kifuani, amevaa nyekundu kichwani mpaka miguuni. Hakuwa anaangalia kadi wala benchi letu. Alikuwa anaangalia kile kipande cha uwanja kilichoachwa wazi mbele ya mwavuli wa Nana. Midomo yake ilikuwa inahesabu hatua.

Madam Aba akasafisha koo.

"Sikilizeni vizuri. Tarehe ishirini na moja Septemba, mwaka elfu moja mia tisa na tisa, ilikuwa siku gani ya wiki?"

Unaweza kumwamsha mtu yeyote Ghana, mlevi au mtoto, ukamwambia ishirini na moja Septemba, naye atakuambia ni siku ya kuzaliwa ya Nkrumah. Ni sikukuu, mashine yangu inapumzika. Na jina lake la kwanza ni nani? Kwame. Mwanamume wa Jumamosi. Swali la bure kabisa. Mkono wangu ulikwenda kwenye kengele, nami sikuwa na shaka hata kidogo.

Kwamena alinitangulia. Kengele yake ililia mpaka ndege wakatoka kwenye mnara wa kanisa. Alisimama, akajipiga kifua.

"Jumamosi, Madam. Siku yangu mwenyewe. Mkubwa yule ni Kwame, mimi ni Kwamena, sisi ni kitu kimoja."

Buluu hawakungoja. Ngoma zikaanza, wanawake wakaruka, bendera yao ikakunjuliwa. Mtu alinimwagia maji ya kunywa kichwani. Shangazi Efua alifumba macho. Nikasikia nyuma yangu mpiga ngoma wetu anamwambia Araba, "Pole, mdogo wangu," na sikugeuka, kwa sababu sikutaka kuona.

"Si sahihi," akasema Madam Aba.

Hakuna aliyemsikia. Ikabidi karani wa Nana apige pembe. Akarudia.

"Jibu si sahihi. Ekow na wenzako, nafasi ni yenu."

Nimewahi kuona mashine ikipasuka mkanda sokoni siku ya Jumamosi. Ile ilikuwa utulivu ukilinganisha. "Kwame wa siku nyingine umemwona wapi?" Kwamena akauliza. "Madam, kwenu Saltpond wanawapa watoto majina kwa kura?" Hata wekundu walikuwa upande wake. Mzee mmoja wetu alisema huyu mama ametukana taifa. Madam Aba alikaa tu na kopo lake mapajani, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Ngoma ya Nana ikapigwa. Moja.

"Ukitoa Jumamosi zimebaki sita," Shangazi Efua akasema. "Hii si chemsha bongo tena, ni bahati nasibu."

"Semeni Ijumaa," Jojo akasema. "Ndiyo jirani yake. Labda alizaliwa usiku, wakakosea kidogo."

"Au Jumapili, kwa usiku huohuo," akasema Shangazi.

Mbili.

Nilitazama kule ng'ambo. Sijui kwa nini. Labda kwa mazoea. Mtu akikwama humtazama mkewe. Kwamena alikuwa bado anabishana na karani. Ata ameshika kichwa. Na Esi alikuwa amekaa kimya kabisa katikati ya kelele ile, kichwa ameinamisha, anakwangua rangi nyeusi kwenye ukucha wa kidole gumba. Taratibu. Kama hana kazi nyingine duniani.

Tatu.

Rangi ile. Jumatano, kaburini, amepiga magoti na brashi. Aliniuliza, "Baba Araba, hii iliyofutika ni tisa au ni nne?" Nami nikasema, bila kuacha kufyeka, "Tisa. Zote mbili tisa. Babu ni wa elfu moja mia tisa na tisa." Akaandika. Alizaliwa 21 Septemba 1909. Baba yake babu alikuwa karani wa misheni, mtu wa kuandika kila kitu siku hiyohiyo, hata kuku akitaga. Na juu ya tarehe ile, kwa herufi kubwa kuliko zote, jina ambalo Esi alikuwa amelipaka kwanza.

Kobina Entsua.

Kobina. Mwanamume wa Jumanne, kama Araba alivyo mwanamke wa Jumanne.

Nne.

Sikuwauliza wenzangu. Nakiri nilifanya kama Kwamena. Lakini mashine ikishika moto huiti kikao.

"Jumanne," nikasema, kwa ile sauti yangu ya sokoni.

Jojo alinishika mkono. "Umerukwa na akili?"

Madam Aba alifunika kopo lake. Kisha akageuza kadi ili Nana aisome, na Nana, ambaye hachekagi hadharani, akafunika mdomo kwa mkono.

"Jumanne," akasema Madam Aba. "Sahihi."

Nilivunja benchi. Sijui jinsi gani, lakini baadaye nilimlipa seremala. Shangazi Efua alinibusu shavu mbele ya wachungaji wawili. Kwamena alitaka kalenda, akaletewa, beseni likafunuliwa na watu ishirini wakatafuta kwenye simu zao, na kila simu ilisema Jumanne. Akairudisha kalenda.

"Sasa Nkrumah alizaliwa lini?" akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliuliza kwa dhati.

"Jumamosi," Madam Aba akasema. "Mama yake alijua siku, ndiyo maana akamwita Kwame. Tarehe ndiyo ya kukisia. Inasemekana padri aliyembatiza ndiye aliyeiweka. Wengi wanadhani Jumamosi ile ilikuwa tarehe kumi na nane. Lakini mimi sikuuliza Nkrumah alizaliwa siku gani, Bwana Otsiwa. Niliuliza tarehe ile ilikuwa siku gani."

"Wewe ni mwanamke hatari," Kwamena akamwambia. Kisha akaja kwangu, akanishika mkono, akaukaza mpaka mifupa ikalia. "Shemeji. Ulijuaje?"

"Babu yangu aliniambia."

"Babu yako amekufa."

"Ndiyo," nikasema. "Ila bado anaongea vizuri."

Maandamano yalianza palepale. Wekundu mbele. Araba aliingia kwenye ule uwazi mbele ya mwavuli na kuikunjua bendera, na mzee aliyebisha wiki mbili kwamba msichana asipewe alikuwa wa kwanza kuvua kofia. Araba aliipitisha chini ya goti, akaizungusha nyuma ya shingo, akairusha. Ilipanda juu, nikasahau kupumua, ikashuka, akaidaka kwa mkono wa kushoto kabla pindo halijagusa vumbi. Mpiga ngoma wetu alikuwa analia na hakuona haya.

Buluu walipita nyuma yetu na bendera begani, wakiimba nyimbo za kututukana, maana kushindwa hakuzuii kuimba. Esi alikuwa mstari wa mbele wa kwao, sauti yake juu kuliko zote, anaimba kwamba wekundu wananuka pumba za mahindi. Niliacha mstari wangu nikarudi nyuma mpaka tukawa bega kwa bega. Ni mwiko, lakini siku ile nani angenigusa.

"Esi."

"Rudi kwenu. Unanuka pumba."

"Ulikuwa unakwangua ukucha."

"Rangi ilikuwa inaniwasha."

"Ulilijua jibu. Tangu Madam anasoma swali, ulilijua."

Aliendelea kutembea. Alifunga vizuri kitambaa chake cha buluu kichwani.

"Kaka yangu aligonga kengele bila kuniuliza," akasema. "Nimemwambia tangu kwenye dubu. Sasa ningefanya nini, nimnyang'anye?"

"Na ukucha?"

Mbele, watu walipiga kelele kwa pamoja. Bendera nyekundu ilikuwa imepanda tena hewani.

"Hebu nyamaza," Esi akasema, akanikanyaga makusudi na kujiinua kwa ncha za vidole juu ya mguu wangu ili aone vizuri. "Mtoto anarusha."